Mkaguzi na Nyumba Isiyo na Choo

Mafundi wa mji mzima walimwita Bwana Bomoa, naye jina hilo halikumuudhi hata kidogo. Alikuwa mkaguzi wa majengo. Kazi yake ilikuwa kufika kwenye nyumba inayojengwa, kuizunguka taratibu mikono ikiwa nyuma, kisha kusema kilichokosewa. Na kilichokosewa hakikosekani. Ngazi imesimama mno, dirisha la chumbani linatazamana uso kwa uso na bafu la jirani, nguzo ina pa kuanzia lakini haina pa kuishia. Akishamaliza kutaja makosa huchukua kopo lake la rangi nyekundu na kuchora alama ya X ukutani, kubwa, ya kuonekana tangu barabarani. Mwenye nyumba atabembeleza, atapanda, atashuka, atasema nyumba hiyo ameijenga kwa mikono yake. Bwana Bomoa atafunika kopo lake na kwenda zake.

Mabishano hayo ya kila siku yakampandisha presha. Daktari aliyempima alimtazama, akatazama mashine, akamtazama tena.

"Bwana, wewe unagombana na kuta," alimwambia. "Na kuta haziugui. Utaugua wewe. Nenda nyumbani ukapumzike, utafute kazi ya mikono isiyokuwa na kelele."

Mkewe naye alikuwa daktari, ila wa meno. Mchana kutwa alishinda akiwabembeleza watu wafungue midomo, na akirudi nyumbani anamkuta mume ambaye mdomo wake haufungi. Siku ya kwanza ya likizo hiyo, mkaguzi alikagua nyumba yao wenyewe na kukuta kasoro kila chumba. Siku ya pili akahamia kwa jirani. Mke aliona mambo yanaelekea pabaya, akapita duka la vitu vya kuchezea na kurudi na boksi kubwa alilolikumbatia kama mtoto.

Kwenye kifuniko kulikuwa na picha ya nyumba ya Kijapani ya mtindo wa zamani: paa zito la vigae vya kijivu lililochomoza mbele kama kofia pana, milango ya karatasi ya kusukuma pembeni, baraza la mbao, na bustani yenye bwawa la samaki wekundu. Yote hayo yalikuwa ya kujengwa kwa vitofali vya plastiki, vingine vidogo kuliko punje ya mahindi.

"Hii ni ya watoto," alisema mkaguzi.

"Soma hapo. Wameandika ni ya watu wazima."

"Basi watu wazima wasio na kazi."

"Ndiyo," alisema mkewe. "Kama wewe."

Akaliacha boksi juu ya meza ya chakula na kwenda kazini. Mkaguzi alilizunguka mara kadhaa, mikono nyuma. Mwishowe akajiambia kwamba atalifungua tu aone wamekosea wapi. Alisoma kijitabu cha maelekezo kwa jicho la uadui, ukurasa baada ya ukurasa, akakuta hakuna walipokosea. Jambo hilo lilimshtua. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kukutana na ramani isiyokuwa na kosa. Akavuta kiti.

Mkewe aliporudi jioni alimkuta amekaa vile vile, miwani puani, vitofali amevipanga kwa rangi na ukubwa ndani ya trei za barafu, sahani za vikombe na sufuria mbili. Alikuwa akinyanyua kitofali kimoja kimoja kwa kibanio cha kutolea nyusi.

"Tunakula wapi?" aliuliza mke.

"Njoo uone huu mlango."

"Nimeuliza tunakula wapi."

"Njoo kwanza." Akausukuma mlango kwa ncha ya kidole. Ukateleza pembeni bila sauti, ukaingia nyuma ya ukuta. Akaurudisha. Ukateleza tena. "Umeona? Haukwami. Milango yote ya mji huu inakwama, huu haukwami. Na nimeuweka mimi."

Mkewe akaona uso wa mumewe umelegea kama wa mtu aliyetoka kuoga maji ya moto. Hakuuliza tena habari ya meza. Walikula sebuleni, sahani mapajani, na kila mara mkaguzi aliinuka kwenda mezani kuufungua na kuufunga ule mlango.

Ukweli ni kwamba mtu huyu aliyezikagua nyumba za watu tangu ujana hakuwahi kujenga hata banda la kuku. Sasa alikuwa anajenga, na kujenga kulimwingia kichwani. Alitandika mikeka ya rangi ya majani makavu kwenye vyumba, mmoja kando ya mwingine. Alipandisha boriti, akaezeka paa kigae kwa kigae. Akahamia bustanini: akamwaga changarawe nyeupe na kuichora mistari kama iliyopitiwa na reki, akasimamisha taa ya mawe, akapanda msonobari uliopinda mgongo na mti mmoja wa maua ya waridi, akavusha daraja jekundu juu ya bwawa. Mwisho akatoa wakazi wawili, bwana na bibi, wenye kanzu za mikono mipana, akawakalisha barazani watazame samaki. Mkewe alimletea kutoka kliniki vibanio vya chuma na kioo kidogo cha kuchungulia magego, akawa anaingiza kioo hicho vyumbani kutazama kona kwa kona. Presha ilishuka. Jirani alipumua.

Hapo ndipo alipokuja mama mkwe.

Mama huyu alifanyiwa upasuaji wa goti, na akahitaji mahali pa kukaa mpaka apone. Kabla ya kustaafu alikuwa matroni wa bweni la wasichana, na mpaka leo watu wote walimwita Matroni, hata binti yake akijisahau. Aliingia kwa magongo, akaangalia nyumba nzima kwa jicho moja la upekuzi, akachagua kiti cha chumba cha kulia kwa sababu kilikuwa na mwanga na mguu ungepata kigoda. Kiti hicho kilikuwa kando kabisa ya meza. Kwa hiyo kutwa nzima, akitaka asitake, Matroni alikuwa anatazama nyumba ya Kijapani.

Kati ya mkaguzi na mama mkwe wake palikuwa na heshima kubwa. Tangu aoe hawakuwahi kujibizana hata neno. Yeye alimwita mama, naye alimwita baba, wakaulizana habari za afya, wakaishia hapo.

"Baba, kazi nzuri," alisema Matroni siku ile ya kwanza.

"Ahsante sana, mama."

"Inapendeza macho."

"Nashukuru, mama."

"Na hawa watu wanajisaidia wapi?"

Mkaguzi akacheka kwa adabu. Kisha akaona mama mkwe hacheki.

"Nimezungusha macho vyumba vyote," aliendelea Matroni. "Chumba cha kulala, sawa. Cha wageni, sawa. Baraza, sawa. Choo sikioni."

"Mama, hii wameichora hivyo wenyewe kiwandani."

"Wamechora watu ambao hawajakaa na watu," alisema Matroni, akafumba macho kupumzika.

Kesho yake mkaguzi alirudi kutoka kutembea, akakuta kando ya bwawa pamesimama kiboksi cha rangi ya kahawia kisichokuwa na paa. Kichwa cha yule bwana mwenye kanzu kilikuwa kimechomoza juu yake, kikitazama samaki. Matroni alikuwa kwenye kiti chake anafuma kofia, macho kwenye uzi.

Mkaguzi akachukua kibanio chake. Akamtoa bwana yule, akamfuta kwa kitambaa, akamrudisha barazani, akavunja kiboksi na kuvirudisha vitofali kwenye sufuria yake.

Baada ya chakula cha mchana kiboksi kilikuwa kimerudi, safari hii chini ya msonobari. Akakivunja. Siku iliyofuata kilikuwa barazani, mbele kabisa, mahali pa kupokelea wageni. Akakivunja. Siku iliyofuata alikikuta juu ya paa, na hapo alisimama kwa muda mrefu, kwa sababu hakuelewa mama mwenye goti bovu alifikiri wale wazee wangepandaje. Lakini kilichomuuma zaidi ni daraja. Matroni alikuwa ameishiwa vitofali vya akiba, na ili kupata vingine alikuwa amebomoa daraja katikati. Ng'ambo mbili zilikuwa zimetazamana juu ya maji, hazifikiani. Kiboksi akakivunja, ila daraja hakupata moyo wa kuligusa.

Asubuhi ile kwenye chai, wote watatu walikaa sebuleni, sahani mapajani.

"Mwambie mumeo," Matroni alimwambia binti yake, ingawa mume mwenyewe alikuwa umbali wa kunyoosha mkono, "wageni wakija kwenye ile nyumba ataaibika."

"Mwambie mama," alisema mkaguzi, akikitazama kikombe chake, "wale hawapokei wageni."

"Mwambie, anayekunywa maji lazima ayatoe."

"Mwambie, wale ni plastiki."

"Mwambie, na nyumba ni plastiki, mbona kaiwekea milango?"

Mkaguzi akageuka kwa mkewe kutafuta jibu, kana kwamba kwa kuwa ujumbe umepita kwake basi na jibu linaweza kutoka kwake. Daktari wa meno alikuwa ameshasimama, mkoba begani.

"Mimi nina mtu wa kung'oa gego asubuhi hii," alisema. "Nyinyi wawili masikio yenu ni mazima. Ongeeni."

Wakabaki peke yao. Hatimaye mkaguzi akakohoa.

"Mama, kwa heshima zote. Choo hakiwezi kukaa pale ulipokiweka mwanzo. Kisheria choo na maji lazima vitengane. Pale samaki wote wangekufa."

Matroni akaacha kufuma. Alikuwa amewahoji wasichana wengi sana maishani mwake, na alijua kulitambua neno ambalo mtu akilisema amekwisha kukiri.

"Kwa hiyo, baba, hatubishani kama kiwepo. Tunabishania umbali."

Mkaguzi akazungusha kikombe kwenye sahani yake.

"Nikuulize tu, maana mimi si mtaalamu," Matroni aliendelea kwa upole. "Mtu akikuletea wewe ofisini ramani ya nyumba, vyumba vipo, baraza lipo, bwawa la samaki lipo, choo hakuna. Unampitishia?"

Mkaguzi aliinuka. Alikwenda kusimama dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu alipoletewa boksi, akausikia moyo wake ukigonga masikioni.

Mambo yangeweza kuishia hapo, lakini wiki hiyo hiyo alikuja Futikamba kumjulia hali.

Futikamba alikuwa mkaguzi mwenzake ofisini, mrefu, mwembamba, na jina hilo alilipata kwa sababu futikamba haikumtoka kiunoni hata siku ya harusi yake. Hakuwa mtu wa mzaha. Ofisini walikuwa wamejaribu kumchekesha mpaka wakachoka wao. Alikuja na mfuko wa machungwa, akamsalimia Matroni, akakaa, akapokea chai.

"Nawe ni mkaguzi pia?" Matroni aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi nina malalamiko."

"Mama, tafadhali," alisema mkaguzi.

Futikamba alikuwa ameshaweka kikombe chini. "Malalamiko dhidi ya jengo gani?"

Matroni akaelekeza mezani kwa gongo.

Mkaguzi akacheka, akitegemea mwenzake atacheka naye. Futikamba alisimama, akaizunguka meza mzunguko mmoja, mikono nyuma, akazunguka tena wa pili kurudi alikotoka.

"Mwenye jengo nani?"

"Acha masihara, bwana. Si unaona ni vitofali vya kuchezea?"

"Malalamiko yakishapokelewa yamepokelewa," alisema Futikamba. "Ramani iko wapi?"

Matroni akampa kijitabu cha maelekezo. Akakisoma chote, akilamba kidole kila ukurasa.

"Hii imepitishwa na nani?"

"Na kiwanda," alisema mkaguzi.

"Kiwanda si mamlaka."

Kisha akaanza kupima. Futikamba yake ilikuwa kubwa mno kwa kazi hiyo, basi akamnyanyua yule bwana mwenye kanzu, akamlaza chali mlangoni na kumfanya ndiye kipimo. Mlango ukawa na upana wa mtu mmoja na robo, akasema unafaa. Paa limechomoza kuliko kawaida, lakini mvua haitaingia, akalisamehe. Msonobari uko karibu na msingi, mizizi italeta nyufa. Kuta ni za karatasi na taa ya moto iko nje, hatari. Bwawa halina uzio. Daraja limekatika katikati na kingo zake hazifiki magotini, na hapo akamsimamisha bwana yule kwenye kipande kimoja kuhakikisha, naye akaanguka majini. Futikamba akamtoa, akamkausha kwa leso yake, ingawa maji yenyewe yalikuwa plastiki.

"Na choo hakuna," alimaliza.

"Nilisema," alisema Matroni.

"Rangi yangu iko garini, lakini brashi yenyewe ni pana kuliko hii nyumba," alisema Futikamba, akijipapasa mfukoni. Akatoa kalamu nyekundu ya wino mzito, akainama, na kabla mtu hajamzuia akachora X kwenye mlango wa karatasi, ule ule wa kuteleza.

Mkaguzi aliinuka kitini kama aliyekalia moto.

"Unafanya nini? Hiyo nyumba nimeijenga kwa mikono yangu."

"Wote husema hivyo," alijibu Futikamba, akifunika kalamu. Hakuwa na ubaya wowote. "Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba wote husema hivyo."

Akamaliza chai yake, akawatakia afya njema, akasema atarudi kukagua marekebisho, akaondoka.

Mkewe aliporudi kutoka kliniki aliwakuta wawili hao wamekaa kwenye chumba kimoja, kila mmoja anatazama ukuta wake. Machungwa yalikuwa hayajaguswa. Akaona ile X. Alifungua mkoba wake, akatoa pamba na spiriti, akaishika nyumba kwa mkono wa kushoto kama anavyoshika taya la mgonjwa, na kwa mazoea ya miaka mingi akaiambia, "Fungua kidogo." Akasugua polepole. Wino ukatoka, ukabaki uwaridi hafifu ambao mtu asiyejua angedhani ni kivuli cha ule mti wa maua.

"Nimezidisha," alisema Matroni ghafla. Hakumwambia binti yake. Alimwambia mkwewe moja kwa moja. "Sikujua kwamba mwenzako ni mtu wa namna ile."

"Ni mkaguzi mzuri," alisema mkaguzi kwa sauti ya chini. "Hakuna alichokosea. Hilo ndilo linaloniuma."

"Mimi bwenini nilikuwa na wasichana tele na vyoo vilivyoziba kila Jumatatu," alisema Matroni. "Wazazi wakija wanaangalia maua ya getini, wanaangalia vitanda vilivyotandikwa, wanasema shule nzuri. Hakuna aliyeuliza choo. Mimi nikawa naamka navyo, nalala navyo. Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu, naona choo kwanza, mwenye nyumba baadaye."

"Na mimi naona kasoro kwanza," alisema mkaguzi. "Hata mwenye nyumba sijui kama huwa namwona."

Kisha akavuta kiti chake mpaka upande wa mama mkwe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aoe, akasogeza ile sufuria ya vitofali katikati yao.

"Haya, mama. Kiende wapi?"

Walibishana mpaka jua likahama dirisha. Safari hii walibishana wenyewe, ana kwa ana, bila mjumbe, na daktari wa meno alikaa sebuleni akimenya machungwa na kuwasikiliza kama anayesikiliza redio. Matroni alitaka kisiwe mbali, kwa kuwa wakazi ni wazee na mvua ikinyesha watateleza. Mkaguzi alitaka kisiwe karibu na bwawa. Wakakubaliana pembe ya nyuma, penye mianzi. Matroni alitaka upana wa kutosha mtu kukunja kanzu. Mkaguzi akasema kama kinajengwa, basi kijengwe kwa mtindo wa nyumba kubwa, hatutaki kibanda cha aibu. Wakapeana boriti, wakapeana vigae. Daraja likaungwa tena kwanza, hilo mkaguzi hakulilegeza. Vitofali vilipopungua, daktari alipita tena dukani akarudi na boksi dogo la shamba la ng'ombe, wakawatoa ng'ombe na kutumia zizi.

Kazi iliendelea siku kadhaa, na kadiri ilivyoendelea ndivyo ilivyowanogea. Choo kikapata paa dogo lililopinda ncha. Kikapata mlango wake wa karatasi wa kuteleza. Mkaguzi akaweka njia ya mawe bapa kutoka barazani, jiwe hapa, jiwe pale, ya kutembea taratibu. Matroni akaona njia hiyo gizani itakuwa hatari, akaongeza taa. Mkewe naye hakuweza kujizuia, akakaa pembeni yao na vyombo vyake vya kung'oa magego, akapachika dirisha la duara ambalo mikono yao ilishindwa kulishika. Ndani walitandika mkeka mmoja.

Kilipokamilika Matroni aliinama, akaufungua mlango kwa ukucha, akachungulia kwa kile kioo cha kliniki. Alichungulia kwa muda.

"Baba," alisema.

"Mama."

"Humu mtu hawezi kujisaidia."

Mkaguzi akachukua kioo, akachungulia naye. Mwanga uliingia kwa lile dirisha la duara, ukaanguka mkekani. Kupitia mlangoni lilionekana bwawa, daraja na nusu ya ule mti wa maua.

"Kweli," alisema. "Ni kama kutemea mate shuka safi."

"Humu mtu anywe chai."

"Anywe chai, mama."

Wakawachukua bwana na bibi, wakawakalisha ndani wakitazamana, na katikati yao wakaweka vikombe viwili vidogo vilivyokuja na boksi la ng'ombe. Walikuwa bado wanawatazama, wamependezwa na kazi yao, kengele ya mlango ilipolia. Alikuwa Futikamba, amekuja kukagua marekebisho.

Mkaguzi alitazama mezani, akamtazama mama mkwe. Uso wa Matroni ulikuwa umeshageuka kuwa ule wa siku wazazi wanapotembelea bweni.

Futikamba alizunguka meza. Msonobari ulikuwa umesogezwa. Bwawa lilikuwa na uzio wa mianzi. Alimhitaji yule bwana ampimie kingo za daraja, hakumwona barazani, basi akazikadiria kwa macho na kuridhika.

"Choo?"

"Hicho hapo nyuma," alisema Matroni bila kupepesa.

Futikamba akainama. Akapima kwa macho umbali wa bwawa, akatikisa kichwa kukubali. Akatazama paa, akatazama taa, akapitisha kidole kwenye yale mawe ya njia. Ilionekana wazi kwamba katika kazi yake hajawahi kuona choo kilichojengwa vizuri namna ile. Kisha akausukuma mlango. Ukateleza. Akachungulia, akabaki ameinama.

"Mama," alisema, "mbona wamo wawili?"

"Wamezeeka pamoja," alisema Matroni. "Hawapendi kuachana."

"Na wanakunywa nini?"

"Wewe kijana, huwa unawafungulia watu milango ya choo kisha unauliza maswali?"

Futikamba akaufunga mlango haraka. Masikio yake yalikuwa mekundu kuliko daraja. Akaomba radhi, na kwa jinsi alivyokuwa akitazama ilikuwa kama anawaomba radhi wale wawili ndani. Akatamka kwamba jengo limepita, akakataa chai, akaondoka akitembea upesi. Mlango wa mbele ulipofungwa, mkaguzi alikuwa ameshaegemea ukuta, machozi yanamtoka kwa kicheko, na Matroni alikuwa amekishika kiti asianguke, akisema goti, goti, niacheni jamani, goti.

Goti hilo lilipona kabla ya likizo kwisha. Mkaguzi alimrudisha mama mkwe kwake kwa gari, na njia nzima walizozana kama paa lingependeza zaidi likiwa jeusi.

Wiki aliyorudi kazini, Bwana Bomoa alipelekwa kwenye nyumba ya ghorofa moja iliyojengwa na kinyozi kwa miaka na miaka, kidogo kidogo. Kinyozi alimsubiri getini, hotuba yake ya kubembeleza ikiwa tayari mdomoni. Mkaguzi alishuka na kopo lake, akaliweka chini.

"Kabla hatujaanza," alisema, "nionyeshe mahali unapopapenda wewe."

Kinyozi alichanganyikiwa. Hotuba ilimpotea. Alifikiri, kisha akampandisha juu, wakapita vyumba ambavyo havijapigwa lipu, mpaka kwenye pembe moja yenye dirisha. Akavuta ndoo mbili za rangi, akazigeuza, akamkaribisha. Walikaa hapo. Dirishani mlionekana paa za watu, nguo zilizoanikwa, na mtu anayejaribu kuegesha gari mahali padogo. Upepo uliingia vizuri.

"Mke wangu akiniudhi nakuja kukaa hapa," alisema kinyozi. "Na yeye nikimuudhi anakuja kukaa hapa. Wakati mwingine tunakutana."

"Pazuri," alisema mkaguzi, na alimaanisha.

Walikaa mpaka yule mtu wa gari akakata tamaa na kwenda kuegesha kwingine. Kisha mkaguzi akasimama, akajikung'uta vumbi, akamwambia kinyozi kwamba ngazi imesimama mno na lazima ivunjwe ijengwe upya.